Sheria Iliyozirudisha Halmashauri za Wilaya

Halmashauri za wilaya zilizopo Tanzania Bara leo zinatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982. Kabla yake wilaya zilikaa muongo mzima bila halmashauri za kuchaguliwa. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, Serikali ilizivunja na kazi zake zikapewa maofisa wa mikoa na wilaya walioteuliwa na Serikali Kuu. Lengo lilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na wananchi. Kilichosogea ni maofisa. Wawakilishi wa wananchi walibaki kushauri tu, bila bajeti ya kuamulia. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Miji ilitangulia kurudishiwa mamlaka yake, kwa sheria ya mwaka 1978. Wilaya zilifuata kwa mkupuo wa sheria za 1982: Na. 7 ya wilaya, Na. 8 ya miji, Na. 9 ya fedha na Na. 10 ya utumishi. Halmashauri zilianza kazi mwaka 1984, na Katiba ikaongezewa ibara za 145 na 146, zinazotamka kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sheria Na. 7 ilianzia kijijini. Wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi ni wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, nao huichagua halmashauri ya kijiji. Kila kata huchagua diwani wa kuiwakilisha wilayani, anakokaa pamoja na wabunge wa majimbo ya wilaya hiyo. Marekebisho ya baadaye yaliongeza viti maalumu vya wanawake. Madiwani humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Halmashauri ni chombo chenye nafsi kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Inaweza pia kutunga sheria ndogo, ila za wilaya hazifanyi kazi mpaka waziri mwenye dhamana aziidhinishe, na za kijiji mpaka halmashauri ya wilaya izipitishe.

Hata hivyo, uchaguzi peke yake haumpi diwani nguvu. Mpaka mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wagombea wote walitoka chama kimoja. Upande wa fedha, halmashauri zilipewa ushuru wa mazao na kodi ya maendeleo. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003, nyingi zilizidi kutegemea ruzuku kutoka Hazina, ambayo mara nyingi huja na maelekezo ya matumizi. Upande wa watumishi, mkurugenzi mtendaji, ambaye pia ni katibu wa vikao vya madiwani, huteuliwa na Rais. Diwani anaweza kumhoji, lakini ajira yake haimo mikononi mwa baraza.

Sera ya ugatuaji ya mwaka 1998, na marekebisho ya sheria ya mwaka 1999, vilikusudia kuzipa halmashauri kauli kubwa zaidi juu ya mapato na watumishi wake. Mambo hayo mawili ndiyo hupima kama halmashauri inaamua, au inatekeleza tu yaliyokwisha kuamuliwa kwingine.