Ugali wa Muhogo Mchungu

Anayejifunza kupika huogopa madonge. Hayo mwiko utayavunja. La kuogopa ni sumu ya muhogo mchungu, ambayo moto wa ugali hauimalizi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walifupisha kazi ya kutengeneza muhogo, na baadhi yao, hasa wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo.

Basi menya, loweka siku 3 hata ulainike, mwaga maji yale, anika ukauke, kisha twanga. Je, unga wa kununua? Uchanganye na maji, uutandaze mwembamba unenao usizidi sentimeta 1, ukae juani kwa muda wa saa 2. Sumu huondoka na hewa. Upike siku ile ile, usije ukachacha.