Nyumba Yetu, Ardhi ya Mwenyewe

Mgeni apitaye Majengo, Mombasa, akatazama maghorofa yalivyobanana, hawezi kudhani kwamba hapa palikuwa mashamba ya minazi na miembe. Mji wenyewe ulikuwa upande wa Ngome. Lakini ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, na baadaye bandari ya Kilindini ikapanuka, watu wa kazi waliongezeka na Mji wa Kale haukuwatosha tena.

Ndipo wenye mashamba walipoanza kukodisha viwanja. Aliyetaka makao alilipa kodi ya ardhi, akajenga nyumba yake mwenyewe. Walikuja Wadigo, Wagiriama, Washihiri na watu wa bara, wakawa majirani wa msikiti mmoja na kisima kimoja.

Marehemu nyanya yangu alikuwa akinisimulia jinsi nyumba yake ilivyosimamishwa. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba, majirani wakakandika udongo, kisha likaezekwa paa la makuti. Vyumba vilikuwa sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Mbele palikuwa na baraza, na nyuma uani, penye jiko na choo. Yeye alikaa chumba kimoja, vitano akavipangisha kwa makuli wa bandarini. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipozuka, wapangaji wake hawakuwa na mshahara. Aliwangoja mpaka wakapata, wala hakumtoa mtu nje.

Hata hivyo, nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Desturi ya pwani, yenye asili katika sheria ya Kiislamu, humruhusu mtu kumiliki jengo juu ya ardhi ya mwingine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipokuja, walioandikishwa ni wenye mashamba. Mjenzi alibaki na nyumba yake na stakabadhi za kodi.

Nyanya alipofariki, tulizikuta stakabadhi hizo sandukuni, zimefungwa ndani ya leso. Siku ya kugawana mirathi ndipo baadhi yetu walipotambua kwamba tulichorithi ni kuta na paa. Maneno makali yalitoka, na ndugu wawili hawakusalimiana kwa miezi.

Wazee wetu mlio hai, waketisheni watoto barazani, muwaonyeshe karatasi, muwaambie kipi chao na kipi cha watu. Kaburi halijibu swali.