Mbinu ya Majukumu katika Ufundishaji wa Kiswahili kama Lugha ya Pili: Mfano wa Mai Mahiu

Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, wanafunzi wengi nchini Kenya wamejifunza ngeli kwa mazoezi ya kujaza mapengo. Makala haya yanafafanua mbinu nyingine, yaani mbinu ya majukumu.

Jukumu ni shughuli yenye lengo lililo nje ya sarufi, ambayo haiwezi kukamilika bila mawasiliano. N. S. Prabhu aliijaribu mbinu hii katika shule za kusini mwa India kati ya 1979 na 1984. Baadaye Willis (1996) aliigawa katika hatua tatu: maandalizi, mzunguko wa jukumu, na uchunguzi wa lugha.

Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru, ni njia panda ya Narok na Naivasha. Hapo hukutana wasemaji wa Kikuyu, Kimaasai na lugha nyinginezo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yaliwaua makumi ya watu karibu na mji huo. Katika janga la namna hiyo, tahadhari isiyoeleweka huweza kugharimu uhai.

Mwalimu wa huko aweza kuwapa wanafunzi jukumu la kuandaa tangazo la tahadhari. Kundi moja hupewa ramani ya mikondo ya maji. Jingine hupewa orodha ya nyumba zenye wazee na watoto wachanga. Kila kundi hulazimika kuliuliza jingine, kisha huandika tangazo na kulisoma mbele ya darasa. Hapo ndipo mwalimu huchambua lugha iliyotumika. Je, "maji yanapanda" na "maji yamepanda" yanampa msikilizaji muda sawa wa kukimbia? Viambishi vya wakati na hali hueleweka kwa uzito wake.

Mbinu hii ina pingamizi. Wanafunzi wenye lugha moja ya mama huweza kujadiliana kwa lugha hiyo, au kwa Sheng, na kuandika sentensi chache tu za Kiswahili. Kwa hiyo makundi yafaa kuchanganya wasemaji wa lugha mbalimbali, na uwasilishaji uwe rasmi. Aidha, hatua ya tatu isirukwe, kwani mtihani ungalipo na makosa yasiyosahihishwa hukomaa.

Kwa kuhitimisha, mbinu ya majukumu haiondoi sarufi darasani. Huitanguliza haja ya kusema, sarufi ikafuata kuihudumia haja hiyo.