Sauti Nene na Sanduku la Spika

Je, umepata kupanda gari lenye muziki, ukahisi kiti kikitetemeka? Hiyo ni kazi ya sauti nene. Sauti hiyo huletwa na mitetemo michache, kama 50 hivi kwa sekunde.

Spika ina kiwambo, kama ngoma. Kiwambo kinaposukuma hewa iliyo mbele, huvuta iliyo nyuma. Spika isipokuwa na sanduku, hewa ya mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma. Hapo sauti nene hufifia. Dereva akizidi kuongeza sauti, ataumiza masikio ya abiria bure. Dawa ni kuifunga spika katika sanduku imara lisilopitisha hewa.

Jaribio: Toboa tundu katika kadibodi pana. Bana spika ya redio nyuma ya tundu hilo. Sauti nene imebadilikaje? Eleza sababu.