Kidole Nje ya Kifyatulio: Kumkumbuka Jeff Cooper

Tulipokutana na wavuvi bandarini Kisimayu, nahodha mmoja wa Koyama alituuliza kwa nini askari aliyefundishwa vyema hunyoosha kidole cha shahada ubavuni mwa bunduki, wala hakiweki penye kifyatulio. Yeye alidhani ni madaha. Tuliahidi kumjibu katika jarida hili, na jibu lenyewe linaanzia mbali, katika milima ya California nchini Marekani.

Huko Big Bear, katika miaka ya 1950, wapenzi wa shabaha walikutana kushindana kwa bastola. Wengi wao waliamini kwamba mshindi ni mwenye mkono mwepesi: aichomoe bastola kiunoni na kuifyatua papo hapo kwa mkono mmoja, bila kulenga. Risasi nyingi zilipita pembeni. Ndipo Jack Weaver, askari wa sherifu wa Los Angeles, alipoinua bastola hadi usawa wa macho, akaishika kwa mikono miwili, akalenga, na akawashinda waliomtangulia kwa wepesi. Aliyeyaona hayo na kuyageuza kuwa elimu ni Jeff Cooper, aliyezaliwa mwaka 1920, ofisa wa kikosi cha Marine aliyepigana Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mwaka 1976 Cooper alianzisha chuo cha bastola huko Arizona, ambako raia, polisi na wanajeshi walifundishwa pamoja. Mwaka huo huo, katika mji wa Columbia, Missouri, liliundwa shirikisho la kimataifa la mashindano ya bastola, naye akawa rais wake wa kwanza; leo majirani zetu wa Kenya ni miongoni mwa wanachama. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Kasi imewekwa mwisho, na hilo si jambo la bahati.

Hatukubaliani na Cooper katika kila alichoandika. Yeye alitetea sana raia kumiliki silaha. Sisi tumeona mengi mno katika pwani hii kuweza kusema vivyo hivyo. Lakini kanuni zake nne za usalama tunazikubali zote.

Ya kwanza: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Hapa ndipo maafa mengi ya majumbani huanzia. Mtu huchomoa magazini ya bunduki ya AK, akaamini kwamba sasa ni chuma kitupu, akamwachia mtoto aichezee. Kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, na hiyo haitoki kwa kuchomoa magazini. Tena, kikingio cha usalama cha AK kikishushwa hatua moja, bunduki haiingii katika risasi moja moja kama wengi wanavyodhani, bali katika mfululizo.

Ya pili: mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho hukusudii kukiharibu, hata kwa mzaha.

Ya tatu ndiyo ya nahodha wetu: kidole kisiingie penye kifyatulio mpaka umekwisha kulenga. Mtu akijikwaa au akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe kabla akili haijaamua lolote. Mwenye mashua anajua jinsi wimbi dogo la ubavuni linavyomfanya abiria akamate chochote kilicho karibu. Basi mfikirie askari aliyesimama katika mashua hiyo hiyo, kidole kikiwa ndani.

Ya nne: ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Visiwa vyetu vimejipanga sambamba na bara, na katikati hupita madau na mashua usiku na mchana. Risasi ya bunduki husafiri zaidi ya kilomita moja, na ikigonga maji kwa kulala huruka tena na kushika njia nyingine. Ile inayofyatuliwa juu harusini nayo lazima ianguke mahali, na paa la makuti haliizuii.

Cooper alifariki tarehe 25 Septemba 2006, akiwa na umri wa miaka 86. Hakufika kwetu kufundisha, lakini kidole alichokiona nahodha kimenyooshwa kwa kanuni hiyo ya tatu.

Nasi tunaomba jambo moja. Mkimwona askari kizuizini au katika boti ya doria akiwa ameweka kidole kwenye kifyatulio ilhali hakuna hatari, msibishane naye hapo. Kumbukeni mahali na saa, kisha mtuarifu ofisini, ninyi wenyewe au kupitia kwa wazee wa kisiwa. Si lazima mtaje majina yenu.