SOKO LA VIPURI: Shokapu, springi au stabilaiza, fedha ianzie wapi?

MNUNUZI anayeingia duka la vipuri akiwa na dola 1,500 mfukoni na gari la michezo nje, mara nyingi hutoka na seti ya koilova zenye rangi ya kung'aa. Kwa gari linalotakiwa kukimbia uwanjani, hicho huwa ni kitu cha nne au cha tano alichopaswa kununua.

Koilova ni shokomzoba, au shokapu kama zinavyoitwa gereji, iliyovalishwa springi yake na kuwekewa nyuzi za kupandishia na kushushia gari. Seti huuzwa kuanzia mamia ya dola hadi maelfu kadhaa. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayowachanganya wanunuzi, na ndiyo inayowafanya baadhi ya wafanyabiashara wajaze rafu kwa mali ambayo baadaye inarudishwa na wateja wenye hasira.

Swali la mfanyabiashara na la mwenye gari ni moja: ni kifaa gani kinachorudisha thamani ya fedha kwa haraka zaidi gari linapoingia kwenye kona?

Uzito hauondoki

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna springi inayozuia uzito kuhama. Chukua gari la kilo 1,000 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 kutoka ardhini, na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.4. Gari hilo likikata kona kwa nguvu inayolingana na uzito wake lenyewe, kilo 357 huhama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje. Matairi ya nje hubeba kilo 857 na ya ndani hubakiwa na kilo 143.

Gari hilohilo likishushwa sentimita 2.5, kinachohama kinakuwa kilo 339. Faida ni kilo 18, yaani asilimia 5. Si haba, lakini si muujiza unaotangazwa kwenye maboksi.

Kazi halisi ya springi ngumu ni nyingine. Hupunguza kulala kwa gari ili tairi libaki limekanyaga lami kwa upana wake wote, na hulifanya gari liitikie usukani mapema. Aidha, ugumu wa mbele ukilinganishwa na wa nyuma ndio unaoamua ni jozi ipi ya matairi itabeba sehemu kubwa ya uzito unaohama. Hapo ndipo tabia ya gari hubadilika.

Magari mawili, mahitaji mawili

Mazda MX-5, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ina mikono miwili ya saspensheni, wa juu na wa chini, katika kila tairi la kizazi chake cha kwanza. Gari likilala, mpangilio huo huliinamisha tairi la nje kuelekea ndani na kulisaidia lishike lami.

Subaru Impreza ya vizazi viwili vya mwanzo, gari ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu tangu Colin McRae aliposhinda nalo Safari Rally mwaka 1997, ina mkono mmoja wa chini, na shokapu yenyewe ndiyo inayosimama kama nguzo. Mpangilio huo ni rahisi kutengeneza na ni imara, lakini una udhaifu wake. Gari likishushwa kupita kiasi, mkono wa chini hupinduka na kuelekea juu upande wa tairi. Nukta ambayo bodi hulalia kuizunguka hushuka chini kuliko bodi ilivyoshuka, na gari hupata hamu kubwa zaidi ya kulala kuliko lilivyokuwa nayo kabla ya kushushwa.

Kwa hiyo mwenye Impreza anayenunua springi fupi za bei nafuu ili gari "likae chini" anaweza kulipa fedha na kupata gari linalolala zaidi. Dawa yake ni boljointi ndefu zinazorudisha pembe ya mkono, au kuacha kulishusha kiasi hicho. Duka linalouza springi fupi za Impreza bila kuweka boljointi hizo linauza nusu ya bidhaa.

(Isichanganywe na Impreza ya rali. Gari la rali huhitaji springi inayosogea umbali mrefu ili lipite mashimo na mawe. Anayenunua kifaa kwa sababu tu kimeandikwa "rally" apeleke gari Naivasha, si kwenye uwanja wa lami.)

Kabla ya koilova

Gari la miaka 20 au 30 halina tena bushi lilizotoka nazo kiwandani, hata kama hazijawahi kubadilishwa. Mpira huzeeka, hupasuka na kulegea. Bushi zikilegea, pembe ya tairi iliyopimwa asubuhi gari likiwa limesimama si ile itakayokuwapo dereva anapokanyaga breki mwisho wa njia iliyonyooka. Kufunga shokapu ya gharama kubwa juu ya bushi zilizokufa ni kama kuezeka bati jipya juu ya kenchi zilizoliwa na mchwa.

Bushi, boljointi na viungo vya stabilaiza ndivyo vitu vya kwanza. Bei yake ni ndogo na haviozi rafuni haraka. Kwa mfanyabiashara ni mali inayotembea, kwa kuwa mwenye gari la kawaida naye huzihitaji.

Matairi ndiyo ya pili. Tairi laini la michezo hupunguza muda wa mzunguko kuliko kifaa kingine chochote kwa fedha ileile, lakini huisha haraka, na anayelinunua lazima aliweke katika hesabu ya kila msimu.

La tatu ni alaimenti, na hapa gharama ni kazi ya fundi tu. Mafundi huuita mwinamo wa tairi kemba. Gari la barabarani hutoka kiwandani na mwinamo mdogo ili matairi yaishe sawasawa. Uwanjani, tairi la mbele la gari jepesi huhitaji kuinama kuelekea ndani nyuzi 2 hadi 3. MX-5 ya kizazi cha kwanza ina bolti za kurekebishia mwinamo mbele na nyuma, hivyo mwenye gari hilo halazimiki kununua kitu. Impreza ina bolti ya namna hiyo juu ya tairi la mbele, ila nafasi yake ni finyu.

Ushahidi wa kama mwinamo unafaa haupatikani kwa kubahatisha. Kipimo cha joto cha kuchomeka kwenye mpira, kikitumika mara gari linapotoka uwanjani, kitaonyesha joto la ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Ukingo wa nje ukiwa na joto kuliko wa ndani, mwinamo hautoshi. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo zote mbili, upepo umezidi.

Shokapu na springi ni ndoa

Baada ya hapo ndipo zamu ya shokapu inafika. Springi hubeba gari, na shokapu huizuia springi isiendelee kuruka baada ya kubanwa. Springi ikiongezwa ugumu mara mbili, shokapu inahitaji nguvu ya kuzuia iliyoongezeka kwa takriban asilimia 41 ili uwiano ubaki ulivyokuwa. Shokapu ya kawaida, tena iliyochoka, haina akiba hiyo. Gari huanza kudunda, tairi huachia lami, na dereva hulaumu matairi.

Ndiyo maana watengenezaji makini huuza vifaa vilivyopangiwa springi yake. Bilstein ya Ujerumani, kwa mfano, ina B6 kwa gari la urefu wa kawaida na B8 iliyofupishwa kwa gari lililovalishwa springi fupi. Kumuuzia mteja B6 pamoja na springi fupi ni kosa la muuzaji. Koni Sport huongezwa ukali wa kurudi springi inapofunguka, jambo linalomsaidia mwenye gari kuitumia kwa springi zaidi ya aina moja. Shokapu za kawaida za KYB, ambazo wengi bado wanaziita Kayaba, hulirudisha gari katika hali ya kiwandani. Kwa mtu anayeingia uwanjani mara mbili kwa mwaka, hiyo inaweza kumtosha kabisa.

Tahadhari ni kwa koilova za bei ya chini zinazotangazwa kuwa na hatua 30 au zaidi za kurekebisha. Wingi wa hatua si ubora. Katika nyingi kati ya hizo, kitasa kimoja hubadilisha kubana na kufunguka kwa pamoja, na hatua kadhaa hazionyeshi tofauti yoyote zikipimwa kwenye mashine. Mwagizaji wa kontena ana haki ya kumwomba mtengenezaji mchoro wa kipimo cha nguvu kwa kila hatua. Asiye nao hana cha kuuza isipokuwa rangi.

Namba zinazodanganya

Ugumu wa springi za Japani huandikwa kwa kilo kwa milimita, wa Marekani kwa ratili kwa inchi, na wa Ulaya kwa nyutoni kwa milimita. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na ratili 56 kwa inchi, au nyutoni 9.8 kwa milimita. Springi ya Japani ya namba 10 ni ratili 560. Muuzaji asiyejua hesabu hii anaweza kuweka rafuni springi mbili zilizo sawa kwa bei mbili, au mbaya zaidi, springi mbili tofauti kwa jina moja.

Hata hivyo, namba iliyoandikwa kwenye springi siyo ugumu unaofika kwenye tairi. Springi inayosogea milimita 7 tairi linaposogea 10 hupeleka kwenye tairi asilimia 49 tu ya ugumu wake, kwa kuwa uwiano huo huzidishwa kwa wenyewe. Kwenye gari la nguzo kama Impreza, springi husogea karibu sawa na tairi, na ugumu mwingi hufika. Springi ya namba 8 inaweza kuwa ya wastani kwenye gari lenye mikono miwili na kuwa adhabu kwenye Impreza ileile inayompeleka mwenyewe kazini Jumatatu.

Stabilaiza

Stabilaiza ni nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale. Ndiyo njia ya gharama nafuu ya kurekebisha uwiano wa mbele na nyuma. Gari likikataa kona na pua kwenda nje, nondo nene ya nyuma husaidia. Mkia ukitaka kutangulia, nyuma ilegezwe au mbele ikazwe.

Unene hudanganya macho. Ugumu wa nondo iliyojaa hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, hivyo kutoka milimita 22 kwenda 24 ni ongezeko la asilimia 42, na si asilimia 9 kama jicho linavyodhani. Ikiwa nene mno, tairi la ndani huinuka na kuachia lami. Kwenye mvua, gari lililokazwa nyuma kupita kiasi huzunguka bila kubisha hodi.

Mitumba kutoka Japani

Koilova zilizotumika, zinazoingia ndani ya kontena za vipuri vya mtumba, zina faida kubwa na hatari kubwa. Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo wenye magari ya zamani yaliyokwishaingia hutegemea vipuri vya namna hiyo.

Mkaguzi aanze na nyuzi. Zikiwa zimeshikana kwa kutu, urefu haurekebishiki tena na bei ishuke. Mafuta kwenye fimbo ni dalili ya sili iliyokufa. Shokapu ya gesi ya bomba moja, ikisukumwa hadi ndani, lazima irudi yenyewe taratibu. Ikibaki ndani, gesi imetoka. Fimbo yenye mikwaruzo itakula sili mpya baada ya muda mfupi. Mwisho, zitazamwe namba za springi zote nne, kwa kuwa wauzaji wa huko huchanganya seti.

Chapa ambayo ina kituo cha kuifungua na kuijaza upya ina thamani hata ikiwa imevuja. Ambayo haina, ikivuja ni chuma chakavu.

Mnunuzi naye akumbuke bima. Bima nyingi za kawaida hazifidii ajali iliyotokea katika mbio, na baadhi hudai kuarifiwa kabla saspensheni haijabadilishwa.

Nani anamiliki nini

Kwa wanaofuatilia hisa, sekta hii imebadilisha mikono. Brembo ya Italia, maarufu kwa breki, ilitangaza Oktoba 2024 kuinunua Öhlins ya Sweden kutoka Tenneco kwa dola milioni 405, na biashara hiyo ilikamilika Januari 2025. Tenneco, yenye chapa ya Monroe, ilinunuliwa na mifuko ya Apollo mwaka 2022 na hisa zake zikaondoka katika soko la New York. Koni iko chini ya ITT ya Marekani. KYB inauzwa Tokyo; mwaka 2018 ilikiri kughushi takwimu za vifaa vyake vya kukinga majengo dhidi ya tetemeko, si za shokapu za magari.

Bilstein iko ndani ya thyssenkrupp, ambako shokapu ni sehemu ndogo ya biashara na bei ya hisa husukumwa zaidi na habari za chuma.