Tindo ya Mchimbaji na Feleji Yake

Huko Bugarama, mkoani Shinyanga, dhahabu imo ndani ya mishipa ya mawe ya kwatsi, magumu kuliko chuma cha kawaida. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, hupasua miamba kwa mitambo na baruti. Mchimbaji mdogo wa ukanda huo hutegemea nyundo na tindo, ambayo huiita moko. Tindo ikiwa laini mno, ncha yake hupinda. Ikiwa ngumu mno, humeguka, na kipande kinachoruka chaweza kumpofua aliyeishika.

Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Yenye kaboni chini ya asilimia 0.3 hukunjika kwa urahisi, nayo hufaa kwa misumari na waya. Yenye zaidi ya asilimia 0.6 hufaa kwa tupa na nyembe. Kati ya hizo ipo feleji ya kaboni ya wastani, itumiwayo kutengeneza ekseli, gia, bolti za nguvu na tindo.

Feleji hii hupendwa kwa kuwa tabia yake hubadilishwa kwa moto. Ikipashwa hadi nyuzi 840 hivi za Sentigredi, atomi za chuma hujipanga upya na kaboni huenea kati yake. Ikizamishwa majini ghafla, kaboni hunaswa humo, nayo feleji huwa ngumu lakini yenye kumeguka kama kioo. Ikipashwa tena kwa kiasi, sehemu ya kaboni hujitenga. Ugumu hupungua kidogo, na ustahimilivu huongezeka.

Mhunzi asiye na kipimajoto aweza kutumia sumaku. Feleji ikipita nyuzi 770 hivi haivutwi tena. Huongezewa moto kidogo, kisha ncha pekee huzamishwa. Kichwa kipigwacho nyundo hakina budi kubaki laini, kisije kikarusha vipande. Baadaye ncha husuguliwa hadi ing'ae, ikapashwa polepole: rangi ya majani makavu huonyesha nyuzi 230 hivi, zambarau 280, buluu 300. Zambarau hufaa kwa tindo.

Elimu ya feleji si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walivyozalisha feleji katika tanuri zao za jadi.

Fundi anayeishia kwenye maji amemaliza nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo ilindayo jicho la mchimbaji.